Corby, Temeke na halmashauri zinazofutwa

Mwaka 2021 nilipoteza halmashauri mbili ndani ya wiki tano. Tarehe 24 Februari Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Tarehe 31 Machi, huku ninakoishi Uingereza, Halmashauri ya Corby ilimaliza siku yake ya mwisho. Kaka yangu aliye Temeke alinipa habari ya kwanza kwa simu, nami nikampa ya pili. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kumbe na huko wanafanya hivyo?"

Wanafanya, kaka. Na wananchi hawaulizwi kwa kura.

Corby ni mji wa chuma. Kuanzia miaka ya 1930 Waskoti kwa maelfu walihamia hapa kufuata kazi kwenye viwanda vya Stewarts & Lloyds, na hadi leo lafudhi ya Kiskoti utaisikia dukani ingawa Scotland yenyewe iko mbali sana. Ni mji wa wahamiaji tangu zamani, na labda ndiyo maana niliuzoea haraka. Mei 3, 1979, siku ileile ya uchaguzi uliomwingiza Margaret Thatcher madarakani, watu wa Corby waliikabidhi halmashauri yao kwa chama cha Labour. Mwaka uliofuata tanuru zikazimwa na maelfu wakakosa kazi. Labour hawakung'oka tena kwenye halmashauri hiyo mpaka ilipofutwa: miaka 42.

Najua Mtanzania akisikia chama kimoja miaka 42 atasema hata sisi tunayo hayo. Hapo ndipo nataka tutazame vizuri. Uchaguzi wa mwisho wa Corby, Mei 2015, ulikuwa wa kwanza kwangu. Mtanzania mwenye kibali halali cha kuishi hapa anaruhusiwa kupiga kura kwa kuwa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, wakati nchi yangu mwenyewe hainiruhusu kupiga kura nikiwa nje. Nilifika kituoni, nikataja jina na anwani, nikapewa karatasi. Siku hizo hawakudai hata kitambulisho. Sharti hilo lilikuja 2023. Labour walipata viti 24 kati ya 29, Conservative vitano. Watano ni wachache, lakini walikuwepo ndani ya ukumbi na walikuwa na haki ya kuuliza pesa zimekwenda wapi. Novemba 2019 nyumbani, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa na vyama vyao kujitoa, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya mitaa. Kupita bila kupingwa hakunipi raha hata kama anayepita ni jirani yangu mwema.

Lakini Uingereza nayo nisiipambe. Kosa lililoimaliza Corby halikuwa la Corby. Ni halmashauri ya kaunti iliyokuwa juu yake, Northamptonshire, iliyotangaza Februari 2018 kwamba haina pesa za kutosha, miezi michache tu baada ya kuhamia makao makuu mapya yaliyogharimu pauni milioni 53. Mkaguzi aliyetumwa na serikali akashauri zote zivunjwe, kaunti pamoja na wilaya saba, ziundwe mbili kubwa. Halmashauri saba kati ya nane zilikubali kuwasilisha pendekezo hilo. Iliyokataa ni Corby, na ikafutwa pamoja na zilizokubali. Uchaguzi uliopaswa kufanyika 2019 ukaahirishwa, kisha ikaja korona, kwa hiyo madiwani tuliowachagua kwa miaka minne wakakaa karibu sita.

Zamani diwani mmoja wa Corby aliwakilisha watu kama elfu mbili. Katika North Northamptonshire, halmashauri mpya iliyoimeza Corby, baada ya viti kupunguzwa kutoka 78 hadi 68, ni zaidi ya elfu tano. Kwa Temeke hiyo ni neema: kata 23, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.3. Ila Temeke kuna mwenyekiti wa mtaa. Kaka yangu akitaka barua ya utambulisho anakwenda barazani kwa mtu anayemjua mama yetu kwa jina. Hilo hapa halipo, na ninalikosa sana.

Mwaka 1972 nchi hizi mbili zilipishana njiani. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyozaa wilaya kama Corby, uchaguzi wa kwanza ukafanyika 1973. Sisi mwaka huohuo tukazifuta halmashauri za wilaya kwa jina la Madaraka Mikoani, na wazee wetu vijijini wakangoja mpaka 1984 zilipoanza kazi tena. Tangu hapo madiwani tunawachagua, lakini mkurugenzi anateuliwa na Rais.

Labour walishindwa uchaguzi wa kwanza wa baraza jipya Mei 2021, Conservative wakatawala. Mei 2025 Conservative nao wakaondolewa, kikaingia chama cha Reform UK. Sikuwapigia, na yapo mengi yao yananitia hofu mimi mhamiaji. Hata hivyo najua kura zao kata kwa kata, kama ninavyoweza kuzipata za Corby ya zamani. Halmashauri imekufa lakini hesabu yake ipo, na mtoto wangu akitaka kujua baba yake alipiga kura katika uchaguzi gani atauona.

Matokeo ya mtaa wetu Temeke sijawahi kuyaona popote kwa miaka yote niliyoyatafuta. Kama kuna jirani aliyepiga picha karatasi iliyobandikwa ukutani mwaka 2014, namwomba anitumie. Hata kama pembe zimechanika.