Kutetemeka Miguu Siyo Cheti

Kuna video inazunguka kwenye makundi ya mazoezi. Vijana wamepangwa mstari, mapaja yamelala sambamba na sakafu, mikono imekumbatia hewa, na mwalimu anapita katikati yao na fimbo. Anayeinuka kidogo anachapwa shavu la mguu. Maandishi chini yake: siku ya kwanza ya zhan zhuang (zoezi la Kichina la kusimama tuli), nusu saa, walegevu wamekimbia. Na watu wanapiga makofi!

Jamani. Wale vijana hawajakimbia kwa ulegevu. Wamekimbia kwa sababu wana akili.

Kile mnachokishangilia ni mabu, mkao wa mpanda farasi, tena umefanywa kwa ukatili. Mtu akitaka mapaja ya Shaolin, haya, ashuke chini hivyo hivyo. Lakini usimwambie anayeanza leo kwamba huo ndio mlango wa sanaa za ndani, yaani sanaa za mapigano za Kichina zinazotanguliza utulivu kabla ya nguvu za misuli, kisha ukalitaja jina la Wang Xiangzhai kana kwamba yeye ndiye aliyekutuma. Wang, mzaliwa wa Hebei mwaka 1885, alilelewa katika xingyiquan, moja ya sanaa hizo, halafu miaka ya 1920 akaziweka kando taolu, ile miondoko iliyopangwa ya kukariri, na kukifanya kusimama kuwa kiini cha yiquan, mtindo wake mwenyewe. Miaka ya 1950 mazoezi hayo yakaingia hospitalini huko China. Hospitalini! Kwa wagonjwa. Asiyeweza kusimama alifanya akiwa amekaa kitini au amelala kitandani. Sasa niambieni, fimbo ingemchapa wapi mgonjwa aliyelala?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mkao wa chini sana unaua zoezi lenyewe. Fuatilia mwilini mwako. Ukishuka kupita uwezo wako, mapaja yanakaza. Mapaja yakikaza, kiuno nacho kinajifunga. Kiuno kikijifunga, pumzi haishuki tumboni, inabaki kugonga kifuani, na mabega yanapanda kuisaidia. Umesimama nusu saa ukijifunza kukaza, wakati ulikuja kujifunza kulegeza bila kuanguka. Umefanya kinyume, tena kwa bidii.

Simama juu. Miguu upana wa mabega, vidole vielekee mbele, magoti yafunguliwe tu yasibane. Nyonga zikae chini kidogo, basi. Inua mikono mbele ya kifua, viganja vikutazame, viwiko viwe chini ya mabega. Usawa wa kifua ukikuchosha, shusha hadi usawa wa tumbo, hakuna polisi. Dakika tano.

Utaona ni rahisi mpaka bega la kushoto (kwangu ni la kushoto) lianze kupanda taratibu kuelekea sikioni bila ruhusa. Unalishusha. Linatulia, halafu unagundua taya imebana. Unaachia taya, kumbe kidole gumba kimesimama wima kama kinaomba lifti. Hiyo ndiyo kazi. Ni ndogo, inachosha akili, na haina cha kurekodi video. Na huwezi kuisikia hata chembe ikiwa mapaja yanakupigia mayowe.

Bibi wa jirani alinikuta uani nimesimama hivyo alfajiri. Akanitazama weee, akaniuliza, "Mwanangu, unamsubiri nani?" Nikamwamkia bila kushusha mikono, akaenda zake akitikisa kichwa. Hadi leo akipita ananiuliza kama mgeni wangu ameshafika.

Haya, nikubali kidogo, ingawa sipendi. Kutetemeka kupo. Hata ukisimama juu, siku moja mapaja yatacheza yenyewe, na hakuna ubaya. Na ndiyo, xingyiquan wana santi shi, uzito mwingi mguu wa nyuma, na wapo wakongwe wanaoikalia muda mrefu kwa mkao wa chini. Lakini hao walishuka sentimita kwa sentimita, miaka na miaka. Hawakushushwa kwa fimbo Jumatatu asubuhi. Maumivu ya msuli uliochoka ni jambo moja. Goti linalochoma kwa ndani ni jambo jingine, na hilo halivumiliwi. Panda juu, au acha kwa siku hiyo. Mwalimu akikuita mlegevu, muulize atalipia yeye daktari wa mifupa?

Habari za chi, ile nguvu ya uhai wanayosema inazunguka mwilini: viganja vitapata joto, vidole vitasisimka. Vizuri. Usimpigie mtu simu.

Walioniuliza kuhusu viatu, pekupeku au raba yenye soli bapa. Walioniuliza kuhusu chakula, msisimame mkiwa mmeshiba wali. Muziki siutaki, ila alamu ya simu wekeni, la sivyo mtakuwa mnachungulia saa kila baada ya nusu dakika na shingo itakaza upya.