Audie Murphy: rashasha tunaikumbuka, simu tumeisahau

Kuna hoja moja huwa inanikera kila stori ya Audie Murphy, yule askari wa Marekani wa Vita vya Pili vya Dunia, inapoguswa, na wanaoileta mara nyingi ni watu wanaolijua jeshi kidogo. Wanasema sawa, jamaa alikuwa jasiri, hilo hakuna anayebisha, lakini ule haukuwa uongozi, ulikuwa ni moto wa damu ya kijana wa miaka 19, maana kiongozi gani anabaki peke yake juu ya gari linaloungua huku kombania yake yote, yaani kikosi anachokiongoza, iko msituni? Ukiisikia mara ya kwanza inaingia akilini. Mimi mwenyewe niliwahi kuiamini.

Kwa kifupi tu kwa ambaye hana stori yote. Ni Januari 26, 1945, karibu na kijiji cha Holtzwihr, Alsace, upande wa Ufaransa uliopakana na Ujerumani. Baridi ni ya kuua, ardhi imeganda kiasi kwamba handaki halichimbiki. Murphy ni luteni usu, cheo chenyewe alipewa Oktoba 1944 huko huko vitani akitokea usajenti, na siku hiyo ndiye anaongoza kombania B ya rejimenti ya 15, kazi ambayo kikawaida ni ya kapteni. Wajerumani wanakuja na vifaru 6 na mawimbi ya askari wa miguu. Anawaamuru watu wake warudi msituni kwenye nafasi zilizoandaliwa, yeye anabaki mbele na simu anaelekeza mizinga. Gari lao moja la kuwindia vifaru linapigwa linaanza kuwaka, waliokuwemo wanatoka mbio. Vifaru vya adui vikishafika usawa wake anapanda juu ya gari lile lile linalowaka, anakamata rashasha yake nzito na kuanza kupiga. Kwa karibu saa nzima wanamtafuta kwa kila silaha waliyonayo, kutoka pande tatu, wanamjeruhi mguu, hashuki mpaka risasi zinaisha.

Picha ya kijana mdogo (hakuwa na mwili yule, kabla ya jeshi kumchukua Marines walimkataa kwa udogo wake) juu ya gari la moto inavutia mno, na nadhani hapo ndipo tatizo lilipoanzia, kwa sababu picha hiyo inameza kila kitu kilichotokea kabla yake na baada yake.

Angalia mpangilio wa matukio. Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kupiga risasi, lilikuwa ni kuwatoa watu wake pale. Yaani aliona mapema kwamba kombania iliyopungua vile, bila mahandaki, uwanja mweupe, vifaru sita mbele, ikibaki itasagwa, akaamua warudi. Kuwarudisha watu nyuma wakati adui anakuja kunahitaji roho nyingine kabisa, maana ukikosea kidogo tu kurudi kunageuka kukimbia na hapo hakuna tena kombania. Wao walirudi kwa mpango wakakuta pa kujikinga. Sasa swali ni hili, nani abaki mbele? Mizinga iko mbali huko nyuma, haioni kitu, inahitaji macho. Lazima kuwe na mtu anayeona mabomu yanaangukia wapi na kusema sogeza hivi, sogeza vile. Angeweza kumwacha sajenti. Aliamua abaki yeye, mwenye simu na mwenye amri, ili watu wengine wote wawe salama. Mimi naona hapo uongozi ulishakamilika kabla hata hajaigusa ile rashasha.

Na hata ile rashasha yenyewe watu wanaisoma vibaya. Haikuwa mtu mmoja kupigana na vifaru, rashasha ya aina ile haitoboi kifaru cha Kijerumani na yeye alijua hilo vizuri tu. Alikuwa anawapiga wale wa miguu. Kifaru bila askari wa miguu pembeni ni kipofu, hasa karibu na msitu ambapo mtu yeyote anaweza kukisogelea na kukilipua, kwa hiyo ukiwalaza chini wale wa miguu dereva wa kifaru anaanza kujiuliza anaenda wapi na nani. Ndicho kilichotokea, askari wa miguu wakayumba, vifaru vikakosa ulinzi, vikaanza kurudi. Mtu mwenye wazimu hapigi hesabu kama hiyo.

Halafu kuna ile namba 50. Kila anayesimulia lazima aseme "aliua watu 50 peke yake", na namba imekuwa kama magoli ya mchezaji. Maelezo rasmi ya Medali ya Heshima aliyopewa, nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani, yanasema aliwaua au kuwajeruhi kama 50, angalia hapo, kuua AU kujeruhi, na neno "kama" lipo. Ila kinachoniuma zaidi ni kwamba sentensi hiyo hiyo, kabla haijafika kwenye 50, inasema mizinga aliyoielekeza ilifyeka wengi wa adui. Wangapi? Hawakutaja, na kwa sababu hakuna namba basi hakuna anayeikumbuka. Kazi iliyofanywa na simu haikuhesabiwa, iliyofanywa na kidole chake ikahesabiwa, na miaka 80 baadae tunabishana kama kijana alikuwa kiongozi au mpiga risasi tu! Tungekuwa tumeshikilia simu badala ya 50 sidhani kama ubishi huu ungekuwepo.

Risasi zilipoisha alichechemea hadi msituni, akakataa kutibiwa, akaipanga kombania na kuongoza shambulio la kujibu, Wajerumani wakaondoka. Kombania yake ilikuwepo, nzima, na ilimfuata.

Haya, upande wa pili nao hausemi upuuzi. Waswahili walishasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na jeshini kilio cha shujaa mwenye cheo kinabebwa na watu wote waliokuwa chini yake. Mfano unaotajwa sana ni wa Luteni Kanali H. Jones wa Uingereza pale Goose Green, kwenye vita vya Uingereza na Argentina vya Falklands, Mei 28, 1982. Shambulio limekwama, yeye mkuu wa batalioni nzima anakwenda mwenyewe kuvamia handaki la Waargentina, anapigwa anakufa. Wakampa Victoria Cross, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa, na tangu hapo wanajeshi wenyewe hawajaacha kuulizana kama ile ilikuwa kazi yake. Mwenye kumjibu kwa ushujaa tu hajalielewa swali.

Na kuna Dick Winters, afisa wa Marekani, pale Foy, Ubelgiji, Januari 13, 1945, wiki mbili kasoro siku kabla ya Holtzwihr. Kombania yake ya zamani imekwama uwanjani inapigwa, afisa aliyekuwa nayo ameganda, Winters anashika bunduki anaanza kukimbia kwenda kuichukua mwenyewe, kisha anakumbuka kwamba sasa anaongoza batalioni. Anageuka. Anamtuma Luteni Speirs. Watu wa upande wa pili wanaupenda mfano huu na wana haki.

Ila mifano yote miwili inasema kitu ambacho wao hawakisemi, kwamba suala ni cheo. Jones alikuwa na makombania kadhaa ya kuendesha, Winters hivyo hivyo. Murphy alikuwa na mabaki ya kombania moja na waya mmoja wa simu, na mahali pekee ambapo uwanja wote ulionekana ni pale mbele alipokuwa. Na aliyetumwa Foy kwenda kukimbia katikati ya risasi ni nani? Luteni. Afisa mdogo ndiye aliyewekwa kwa ajili ya sehemu hiyo.

Mahali nawakubalia kabisa ni kwenye gharama. Baada ya siku ile jeshi lenyewe lilimtoa mstari wa mbele na kumpa kazi ya uafisa mwunganishi makao makuu ya rejimenti, maana mtu kama yule hachukui muda mrefu kufa. Na vita vilipoisha hakulala. Miaka mingi alikuwa analala na bastola chini ya mto, akazoea vidonge vya usingizi mpaka ikabidi ajifungie hotelini peke yake siku kadhaa ili aviache, akiwa tayari ni staa wa sinema anayejulikana dunia nzima. Aliyazungumza hayo hadharani ili wanajeshi waliorudi kutoka Korea na Vietnam nao watibiwe. Wanaosema alilipa kuliko luteni usu yeyote anavyotakiwa kulipa, hao sina cha kuwajibu.