Nusu Saa ya Jua Msitunyang'anye

Wiki iliyopita sisi wanafunzi wa kigeni tuliitwa kwenye warsha ya kujiandaa na mitihani ya mwisho wa muhula. Chumba kimejaa, piza ziko mezani, kila mtu na laptopu yake. Mtoa mada akageukia ubao akaanza kuorodhesha mambo ya kuweka kando mpaka mitihani iishe. La kwanza kabisa, kabla ya sinema, kabla ya simu, kabla ya sherehe za Krismasi, aliandika mazoezi ya nje. Akasema kwa baridi hii tutaugua bure, tusubiri Aprili. Watu wakanakili. Pembeni yangu alikaa binti wa Mombasa, huu ndio mwaka wake wa kwanza huku, na nilimwona akiipigia mistari miwili chini yake.

Nilitoka pale nimekasirika na hasira haijaniisha mpaka leo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu jua ni la kuaminika kiasi kwamba saa yetu yenyewe tumeitundika juu yake. Likishachomoza tunaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, na ikitimia kumi na mbili linazama. Mwaka mzima halibadiliki la maana. Hapa Minneapolis, Marekani, nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, katikati ya Desemba jua linachomoza saa 1:43 asubuhi na kuzama saa 10:32 jioni. Saa kumi na nusu! Kwetu saa hizo jua bado linauma, watu ndio kwanza wametoka kuswali Alasiri, watoto wanatafuta mpira. Huku taa za barabarani zimeshawaka. Mchana wote haufiki saa 9.

Sasa mchukueni mwanafunzi mwenye mitihani minne na ripoti moja ya kurasa 20. Anaingia maktaba giza, anatoka giza. Katikati anakula mkate amesimama kwenye korido, tena korido isiyo na dirisha. Anaweza kumaliza siku kumi jua halijamgusa uso. Na huyu ndiye tunayemwambia aache kitu pekee kinachomtoa nje mchana.

Nayasema haya kwa sababu mwaka jana nilifuata ushauri huohuo. Hakuna aliyenishurutisha, nilijishauri mwenyewe. Theluji ya kwanza ilipoanguka nikatupa raba chini ya kitanda, nikajiambia nusu saa ya kukimbia pamoja na nusu saa ya kuvaa, kuvua na kuoga ni saa nzima, na saa nzima ni sura moja ya nadharia ya uwezekano. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa kwenye karatasi. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nalala saa tisa usiku na kuamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nakumbuka ukurasa mmoja, uthibitisho wa mistari 11, niliusoma mara sita na kila nikifika mstari wa mwisho sikumbuki wa kwanza ulisema nini. Kwenye chumba cha mtihani niliandika jina langu, nikajibu swali la kwanza, kisha nikakaa nikitazama la pili hadi muda ukaisha. Nilikuwa nalijua. Siku tatu baadaye, nikiwa ndani ya basi, jibu likanijia lote, kuanzia juu hadi chini.

Nilipompigia mama akaniuliza kitu kimoja tu: "Unatoka nje lakini?" Sikuwa na la kumjibu.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili lina jina na lina historia. Daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini, alihamia New York kwa ajili ya masomo zaidi, na akajiona mwenyewe jinsi nguvu zilivyokuwa zikimtoka kila majira ya baridi yakiingia. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakachapisha maelezo ya sonona inayokuja na msimu wa giza, na ya namna mwanga unavyoweza kuitibu. Nilipoisoma habari yake nilihema. Mwafrika aliyetoka kwenye jua jingi akaja kwenye jua haba, akaona mwili wake unabadilika, na badala ya kudhani ni uvivu akauliza kwa nini.

Na sababu yenyewe si ya ajabu. Mwili una saa yake ndani, na saa hiyo hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Chumba cha maktaba kinachoonekana kimeng'aa kina mwanga wa laksi mia chache, laksi ndicho kipimo cha mwanga. Nje, hata mawingu yakiwa yametanda, unapata maelfu, na siku ya jua juu ya theluji nyeupe unapata makumi ya maelfu. Ukikaa ndani kutwa, ubongo haujui mchana umeanza lini, basi usiku nao unashindwa kuanza. Usingizi ukiharibika, uliyoyasoma hayashiki. Hizo sura unazozisoma badala ya kukimbia unazimimina kwenye ndoo iliyotoboka.

Nakubali, mwanga wa asubuhi ndio unaofaa zaidi kuirekebisha hiyo saa. Lakini jua likichomoza mimi niko njiani kwenda darasani. Kwa hiyo saa sita mchana ni yangu. Nimeiandika kwenye kalenda kwa wino mwekundu kama ninavyoandika mtihani.

Nakimbia kama kilomita tano. Natoka chuoni, navuka mto Mississippi, nafuata ukingo wa magharibi hadi Stone Arch Bridge, lile daraja la mawe la mwaka 1883 lililojengwa kwa ajili ya treni na ambalo tangu 1994 ni la waenda kwa miguu na baiskeli. Jumanne ilikuwa nyuzi 14 chini ya sifuri. Theluji ikiwa baridi namna hiyo hulia chini ya raba, krau krau, kama mtu anatafuna makopa makavu. Pumzi inaganda kwenye kope, ukipepesa unazisikia zinanatana. Mto umeshika barafu pembezoni, ila penye maporomoko maji bado yanaanguka na mvuke unapanda mweupe kama wa sufuria ya mihogo ikifunuliwa. Jua lilikuwa chini sana, halipandi utosini hata adhuhuri, lakini lilikuwepo, limenipiga shavu la kushoto. Nilisimama katikati ya daraja nikalifumbia macho. Dakika moja, labda mbili. Sijui kitu kingine chochote muhula huu kilichonirudishia utu kama dakika zile.

Wakati wa kurudi napita Cedar-Riverside, mtaa wenye Wasomali wengi. Kuna mama mmoja ana kiduka pale, alikulia Eastleigh, Kiswahili chake ni cha Nairobi kabisa. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akacheka, akasema hiyo ni ya Watanzania, kisha akaitikia marahaba kwa furaha. Jumanne aliponiona akaniita ndani: "Wewe kijana, hayo masikio utayaacha barabarani!" Akanimiminia chai ya hiliki na tangawizi kwenye kikombe cha karatasi, akakataa hela. Nikakaa juu ya gunia la mchele vidole vikiniwasha kwa damu kurudi. Tuliongea dakika kumi, kuhusu mitihani yangu, kuhusu binti yake anayesomea uuguzi. Hiyo nayo ni sehemu ya mbio. Mashine ya jimu haina jua, wala haina mama wa kukuita ndani. Ni afadhali kuliko kukaa, basi.

Haya, yule mtoa mada naye hakuwa amekosea kila kitu. Baridi huua. Upepo ukiifanya ihisike kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na siku kama hizo hata mimi sitoki. Ile barafu isiyoonekana juu ya lami ilimvunja kifundo cha mkono mwenzangu wa darasani, tena mkono wa kuandikia. Vaeni tabaka tabaka. Fulana ya pamba iacheni nyumbani, inanywa jasho na kukuganda nalo mgongoni. Na jua hili la Desemba liko chini mno kuipa ngozi vitamini D, sisi weusi ndio kabisa, hivyo muulizeni daktari kuhusu vidonge. Aliyezama kwenye huzuni nzito asiambiwe akakimbie, apelekwe kwa mshauri au hospitali, na asindikizwe.

Lakini angetufundisha hayo! Angetwambia namna ya kutoka salama. Badala yake alifuta.

Ninachokubali kukipunguza wiki za mitihani ni saa ya mkononi. Ratiba ya mazoezi, kasi, kilomita za wiki, vyote nimeviweka droo moja na pasipoti. Nina walimu wanne wanaonipa alama, sihitaji wa tano mkononi.

Kuna watu huku wakisikia natoka Afrika Mashariki hudhani nilizaliwa nakimbia. Wananitajia Henry Rono, yule mkimbiaji wa Kenya, na mimi hufurahi akitajwa, kwa sababu mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 alikuwa mwanafunzi wa Washington State University, huko Pullman, na Pullman nako theluji huanguka. Mtoto wa Nandi, mbali na kwao, ana vitabu na ana baridi. Huwa namfikiria nikiwa kwenye zile mita za mwisho zenye upepo wa uso. Kasi yake siiwazi. Nawaza tu asubuhi zake, alipokuwa akifunga kamba za viatu akiangalia dirisha jeupe.

Yule binti wa Mombasa nilimtafuta juzi. Nikamwambia afute ile mistari yake miwili. Akaniangalia kwa muda, akasema, "Kaka, mimi sijawahi kukimbia hata nyumbani, sembuse huku." Nikamjibu basi tutatembea. Jana saa sita tulitembea hadi darajani, yeye kajifunga mtandio wa mamake juu ya kofia, macho tu ndiyo yanaonekana. Hakusema kitu njia nzima. Tulipofika katikati ya daraja akavua glavu moja, akanyoosha kiganja kwenye jua, akakiacha hapo.

Warsha nyingine kama ile itakuwepo kabla ya mitihani ya Mei. Nimemwandikia mtoa mada nikiomba dakika kumi za kusimama mbele. Bado hajajibu, na kesho nitamwandikia tena.