Sitaki Shamba, Nataka Jina

"Kesi yenu iko mahakama gani?"

Ndivyo nilivyopokelewa Jumanne iliyopita, hata kabla sijamaliza kusalimia. Nilikuwa dirishani kwa masijala ya ofisi moja ya ardhi, ambayo sitaitaja kwa sababu bado nina shida nayo na lazima nirudi. Mkononi nilikuwa na namba ya shamba la babu na kitambulisho changu. Nikamwambia karani sina kesi. Akaniangalia. "Basi mnauza." Hatuuzi, dada. "Mnagawana?" Tulishagawana zamani, kila mtu ana kipande chake na hatimiliki yake. Akaweka kalamu chini. "Sasa wewe unataka nini?"

Nataka kujua nyanya yangu alikuwa nani.

Akacheka. Si kwa ubaya, hilo nalikubali. Alicheka kama mtu aliyeambiwa kuna mzee amepanga foleni benki ili atazame noti tu kisha aende zake nyumbani.

Jioni hiyo hiyo baba mdogo akanipigia simu. "Nasikia umeonekana kwa ofisi ya ardhi." Habari ilikuwa imefika kijijini kabla matatu yangu haijafika stendi. Tangu siku hiyo kundi letu la WhatsApp la familia, ambalo kwa kawaida halilali kwa maombi na picha za maua, limenyamaza kama matanga ya saa kumi alfajiri. Binamu yangu mmoja alinitafuta pembeni: kama kuna kitu, nisimsahau.

Nimekasirika, ndiyo. Lakini nikiwa mkweli, hofu yao ina mashiko. Nani kwetu hufungua faili la zamani bila kutaka kitu? Anayeuliza majina ya wake za babu huwa ameshazungumza na wakili. Ukianza kuuliza nani alizaliwa na nani, kila mtu anahesabu ekari kimoyomoyo.

Na hayo mafaili yenyewe hayakuandikwa ili tukumbukane. Kodi ya nyumba ilianza 1901, na watu wakalazimika kutafuta fedha kwa kumfanyia mzungu kazi. Sheria ya kipande, ile hati ya kumfuatilia mfanyakazi Mwafrika, ilipitishwa 1915, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha babu zetu wakaanza kuvishwa kile kikopo cha bati shingoni, ndani yake alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Halafu ukaja upimaji wa mashamba. Kodi, kazi, ardhi. Ukitaka kujua ukoo wako Kenya, unapitia kwa mtoza kodi, mwajiri na mpima ardhi, na wote watatu walikuwa wakimtafuta mwanamume mmoja tu: yule wa kulipa, wa kufanya kazi au wa kutia saini.

Hapo ndipo hasira yangu ya kweli ilipo. Karani ni shida ndogo.

Babu yangu namwona kila mahali. Kikopo chake cha kipande tunacho hadi leo, kimepata kutu pembeni, kifuniko chake hufunguka ukikibonyeza kwa ukucha. Rejista ya ardhi inamtaja yeye, fulani s/o fulani, kwa mwandiko wa kalamu ya wino uliolala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. Herufi zile mbili na mkwaju katikati, mwana wa, zinanipeleka kwa babu wa babangu kwa sekunde moja. Nyanya, aliyelima shamba hilo hilo tangu lilipokuwa kichaka, hayumo. Hata herufi moja.

Kwenye sanduku la bati la nyumbani nilikuta risiti mbili za kodi ya nyumba za mwaka mmoja. Nikadhani babu alilipa mara mbili kwa makosa. Ni shangazi aliyenieleza: moja ilikuwa ya nyumba ya mke wa kwanza, na ya pili ya nyumba ya nyanya, aliyekuwa ameolewa punde. Kila mke na nyumba yake, kila nyumba na risiti yake. Kwa hiyo mara ya kwanza serikali kumtambua nyanya yangu ilimtambua kama nyumba. Kuta za udongo, paa la nyasi, kodi imelipwa.

Ng'ombe walipata heshima zaidi. Mwaka 1938 serikali iliamua kwamba mifugo ya Machakos imezidi, ikaihesabu, ikaipiga chapa na kuanza kuiuza kwa nguvu, wengine wakaishia kwenye kiwanda cha nyama cha Athi River. Watu wetu kwa maelfu wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alihamishiwa Lamu. Nenda pale jengo la hifadhi ya taifa, Moi Avenue, uombe mafaili ya wakuu wa wilaya yanayoanza na DC/MKS, uone jinsi ng'ombe wa Ukambani walivyowatoa jasho makarani. Wake za wenye ng'ombe utawasoma kwa ujumla wao, kama mvua.

Kitambulisho je? Sheria ya kusajili wanawake ilikuja 1978. Miaka kumi na mitano ya uhuru, bendera juu, wimbo wa taifa tunaujua, na nyanya hana karatasi yenye jina lake. Alipopata kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa ukaandikwa 1930. Nani aliutoa huo mwaka? Nyanya alikuwa akitusimulia jinsi nzige walivyotua akiwa msichana wa kutumwa maji, wakawafukuza kwa kupiga debe. Nzige hao walivamia kati ya 1928 na 1931. Kwa mujibu wa serikali, basi, nyanya yangu alipiga debe akiwa amebebwa mgongoni, au hajazaliwa kabisa.

Cheti cha kuzaliwa usikitafute. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo ulienea nchi nzima 1971.

Najua mtaniambia nijaribu kaunti. Nimejaribu. Kaunti ina plot za soko na malipo ya rates. Rejista ya ardhi ni ya serikali kuu. Mafaili ya iliyokuwa kaunti kaunsili, niliambiwa, yako stoo, na mwenye ufunguo yuko semina. Mtaniambia pia Ardhisasa, ule mfumo wa ardhi wa mtandaoni, kila kitu kiko kwa kompyuta siku hizi. Sawa, ni afadhali kuliko kutafuta faili linalopotea na kuonekana kulingana na ulichobeba mfukoni. Ila kompyuta huonyesha kilichoandikwa. Nyanya hakuandikwa. Vitabu vya ubatizo vya makanisa vina majina ya akina mama, na mwenye mababu Wakatoliki ajiandae kwa Kilatini. Mafaili ambayo wakoloni waliondoka nayo, yakafichwa Hanslope Park, huko Uingereza, hadi kesi ya Mau Mau ilipoyafichua 2011, hayo nendeni nyinyi mlio na viza.

Faili lililonisaidia ni lile ambalo familia nyingi hulikimbia: faili la mirathi. Sheria ya urithi iliyoanza kutumika Julai 1981 haikujali kama mtoto ni wa kike au wa kiume, na mahakama ikawa inataka barua ya chifu inayotaja wote walioachwa na marehemu. Wote. Wajane, wana, mabinti walioolewa, hata wale ambao wazee hujifanya wamewasahau. Tangazo lake huchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, kwa hiyo mahali pa kuanzia papo. Watu huliogopa faili hilo kwa sababu ya vita vilivyomo ndani, nami nakiri kuna viapo mle nilivyosoma nikaona aibu kwa niaba ya watu walio hai bado. Lakini ugomvi nao una faida yake: mtu akitaka kukunyima shamba, atakutaja kwa jina kamili.

Babu alifariki 1983. Barua ya chifu ni ya 1986, imechapwa kwa taipureta yenye herufi "e" iliyoziba. Mstari wa pili: "Mueni, mjane wa pili." Chini yake alama ya kidole gumba, wino wa zambarau, imeteleza kidogo upande wa kulia kana kwamba alivuta mkono upesi. Nilikaa na ukurasa huo hadi mlinzi wa masijala ya mahakama akaniuliza kama ninaumwa.

Jumamosi nikampelekea shangazi nakala. Shangazi huniita baba, kwa kuwa nimebeba jina la babake. Nyanya naye, kwa sababu hiyo hiyo, aliniita mume wake hadi alipofariki. Akavaa miwani, akasoma, akatikisa kichwa.

"Hili si jina lake, baba."

Kumbe Mueni, mgeni, ndivyo walivyomwita alipofika, kwa kuwa alitoka ng'ambo ya Mto Athi na hakuna aliyewajua watu wake. Likamkaa. Likaingia kwenye barua ya chifu, likaingia kwenye kitambulisho, na sisi wajukuu tukampa msichana mmoja jina hilo tukidhani tunamrithisha nyanya. Jina alilopewa na mamake lilikuwa lingine. Shangazi akalitamka polepole, mara mbili, nami nikaliandika kwa penseli pembeni mwa ile alama ya kidole. Hapa silisemi, dada zangu bado hawajalisikia.

Tukanywa chai. Baada ya muda shangazi akachungulia mlangoni, akavuta kiti karibu, akashusha sauti.

"Sasa niambie ukweli, baba. Ni lile shamba la mtoni?"