Laki nne mfukoni: simu mpya ya boksi au used ya Dubai?

Mwenye duka la vocha na M-Pesa anafungua WhatsApp kuangalia namba aliyotumiwa na mteja. Simu yake ina miezi minane tangu itoke kwenye boksi. Anagusa jina la mteja, kioo kinabaki cheupe. Anagusa tena. Ujumbe unapofunguka, mteja keshavuka barabara kwenda kwa wakala wa pili. Fundi akiulizwa atasema memori imejaa, na mwenye simu atafuta picha za harusi ya mdogo wake ili apate nafasi. Wiki mbili baadaye simu inaganda tena.

Ushauri uliozoeleka kwa mtu mwenye laki nne ni huu: nunua mpya yenye waranti, maana used ni kununua ugonjwa wa mwenzako. Ushauri huo una msingi, na nitaufikia. Lakini unaruka jambo ambalo boksi halilisemi, na jambo hilo ndilo lililomkimbiza yule mteja.

Boksi la simu ya bei hiyo huandika kwa herufi kubwa kamera ya megapikseli 50, betri ya 5,000 mAh, na RAM, yaani memori ya programu zinazotumika wakati huo, kwa hesabu ya kujumlisha: 4GB + 4GB. Haliandiki kama hifadhi iliyomo ndani ni eMMC au UFS, aina mbili za chipu inayotunza programu na picha zako. eMMC 5.1, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye simu za bei ya chini, husoma data kwa kasi ya MB 250 hadi 300 kwa sekunde ikiwa mpya na ina nafasi. UFS 3.1, iliyomo kwenye simu za hadhi ya juu tangu 2020, hukaribia MB 2,000. Hata hivyo kasi hiyo peke yake isingekuwa kilio, kwani hakuna anayesoma faili la GB 2 kwa mkupuo akiwa na wateja mbele yake. Tatizo kubwa ni kwamba eMMC ni daraja la gari moja: ikiandika haisomi, ikisoma haiandiki. UFS hufanya yote mawili kwa wakati mmoja.

Sasa tazama siku ya kawaida ya simu. Makundi matano ya WhatsApp yanashusha video, Play Store inasasisha programu kimyakimya, Facebook inahifadhi picha za kukuonyesha baadaye. Wote hao wanaandika. Wewe unapogusa kioo unaomba kusoma, na inabidi usubiri zamu yako.

Kisha hifadhi inajaa, na hapo mambo huharibika zaidi. Chipu ya flash, ndiyo hiyo ya hifadhi, haiwezi kuandika juu ya data ya zamani. Lazima ifute kwanza, na haifuti faili moja bali bloku nzima. Ikiwa na nafasi ya kutosha, kazi hiyo huifanya usiku simu ikiwa imelala. Ikibakiwa na GB 3 kati ya 64, inabidi ihamishe vipande vyenye data hai kwenda kwingine, ifute bloku, ndipo iandike picha yako, na yote hayo yanafanyika ukiwa umeikodolea macho. Ndiyo maana kufuta picha za harusi kunaleta nafuu ya siku chache tu. Nafuu ya kweli inataka kubakiza angalau sehemu moja kati ya tano ikiwa tupu muda wote, na kwenye GB 64, ambazo Android na programu zake zimeshachukua sehemu kubwa, hilo ni zoezi la kila wiki.

Na ile "+ 4GB"? Ni kipande cha hifadhi hiyohiyo kilichotengwa kifanye kazi ya RAM. RAM halisi ya aina ya LPDDR4X ina uwezo wa kupitisha zaidi ya MB 10,000 kwa sekunde. Hii ya kukopa inapita kwenye daraja lilelile la gari moja. Msongamano unaongezwa pale penye msongamano, na chipu inachoka mapema kwa kuandikwaandikwa. Mwenye simu ya namna hii aizime nyongeza hiyo kwenye mipangilio kwa siku mbili kisha alinganishe. Inauma kuona watu wakilipia tarakimu hiyo wakiamini wamenunua RAM.

Kwa upande wa used, chukua Samsung Galaxy S20 FE ya Oktoba 2020. Ina UFS 3.1, RAM halisi ya 6GB au 8GB, kioo cha AMOLED cha 120Hz chenye pikseli 1080 kwa 2400, sehemu ya memori kadi, na mgongo wa plastiki ambao fundi mzuri huubandua bila kuuvunja. Betri yake, EB-BG781ABY ya 4,500 mAh, ndiyo inayotumika pia kwenye Galaxy A52, kwa hiyo haitafutwi kwa tochi. Muuzaji atakuambia zote ni FE, lakini si zote. SM-G780F ina prosesa ya Exynos 990, inayopata joto na kumaliza chaji haraka. SM-G780G na SM-G781B zina Snapdragon 865, na hizo ndizo za kutafuta. Fungua mipangilio, nenda kwenye kuhusu simu, usome namba ya modeli kwa macho yako.

Wanaotetea simu mpya wana hoja nzito tatu. Ya kwanza ni masasisho. S20 FE ilianza na Android 10 ikaishia Android 13, na muda wake wa masasisho ya usalama umekwisha. Galaxy A16 ya 2024 imeahidiwa miaka sita. Ukiweza kuongeza fedha kidogo ukaifikia simu ya kundi hilo, hoja hii inashinda, na sina sababu ya kuipinga. Lakini simu nyingi mpya za laki tatu au nne hupata toleo moja jipya la Android au zisipate kabisa, kwa hiyo upya wa boksi peke yake si kinga.

Hoja ya pili ni kioo. AMOLED ya simu ya hadhi ya juu ikipasuka, gharama yake inaweza kukaribia nusu ya bei uliyonunulia simu, wakati LCD ya simu mpya ya bei nafuu ni kitu cha kawaida kwa fundi yeyote. Mtu anayefanya kazi ya bodaboda au ya ujenzi, ambaye simu yake huanguka kila mwezi, aipime hesabu hii kwa uzito.

Ya tatu ni laini. Simu nyingi zinazopitia Dubai zilitengenezwa kwa masoko mengine. Kwa Samsung, zenye namba ya modeli inayoishia U ni za Marekani, zina nafasi ya laini moja ya kadi. Za Korea, zinazoishia N, huwa vivyo hivyo, na za Korea na Japani hazikubali kuzimwa mlio wa kamera. Kwa anayetumia Vodacom kwa fedha na Airtel kwa bando, laini moja ni adhabu ya kila siku. Hoja hii hata hivyo haiikatai used. Inakutaka tu utafute inayoishia B, F au G, yenye nafasi mbili.

Betri wengi huiweka juu ya orodha ya hofu, nami naiweka chini, kwa sababu inabadilishika. Baada ya mizunguko 500 hivi ya chaji, betri ya lithiamu hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake. Weka bei ya betri mpya ndani ya bajeti kabla hata ya kuulizia simu, na ukishaifungua simu, usiihesabu tena kuwa inazuia maji. Wa kuogopwa ni mfano kama Pixel 6a: Julai 2025 Google ilitoa sasisho la lazima linalopunguza uwezo wa betri kwenye baadhi ya simu hizo zikifika mizunguko 400, kwa hofu ya kushika moto. Used inataka mnunuzi anayejua habari za modeli anayoinunua.

Ukishaipata, usikimbilie kubadilisha mfumo mzima. Kazi kubwa inafanywa kwa waya wa USB na kompyuta yenye adb, programu ndogo ya kuipa simu amri. Gusa namba ya muundo (Build number) mara saba, chaguo za wasanidi zifunguke, washa utatuzi wa USB, kisha ondoa programu za mtengenezaji moja moja:

adb shell pm uninstall -k --user 0 com.facebook.appmanager

Rudia kwa com.facebook.services na com.facebook.system, ambazo huwa zinafanya kazi kwenye simu za Samsung hata kwa asiye na akaunti ya Facebook. Ukikosea, "adb shell cmd package install-existing" pamoja na jina la programu huirudisha. Usiguse com.android.systemui wala com.google.android.gms, hapo simu inaweza kushindwa kuwaka vizuri, na dawa itakuwa kufuta kila kitu. Njia hii inafanya kazi pia kwenye simu mpya zinazokuja na duka lao la programu na arifa zisizokwisha.

LineageOS, mfumo huria wa Android usiotoka kwa Samsung, ni hatua nyingine. Inaipa S20 FE ya Snapdragon, isiyo ya Marekani, Android mpya kuliko iliyoachwa na Samsung. Bei yake ni kufungua butiloda, kufuli la programu inayouwasha mfumo, na kuweka mfumo usio wa Samsung, kazi inayofuta data yote na kuunguza milele fyuzi ya Knox, ulinzi wa Samsung: Secure Folder, folda ya siri ya Samsung, haitarudi hata ukirejesha mfumo wa kiwandani. Programu za benki nazo zinaweza kugoma. *150*00# ya M-Pesa itaendelea kufanya kazi, lakini mtu wa biashara anayetegemea programu ya benki aiache.

Dukani, piga *#06# ulinganishe IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na iliyo kwenye mipangilio, na kwa Tanzania itume kwenda 15090. Usiku wa Juni 16, 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia, na simu iliyofungiwa haifufuliwi na kukatwa bei. Kwa Samsung, piga *#0*# uangalie kioo kikiwa chekundu, kijani na bluu, ukitafuta kivuli cha kibodi kilichoganda au mstari mwembamba. Izime, shikilia vitufe viwili vya sauti huku ukichomeka waya wa kompyuta, usome maandishi madogo: Knox iwe 0x0, yaani fyuzi haijaungua, na KG STATE isiwe Active wala Locked, kwa sababu hiyo huenda ni simu ya mkopo wa mtu na inaweza kufungwa ikiwa mikononi mwako. Mwisho ifute kupitia mipangilio, iunganishe na intaneti, uianzishe upya hadi skrini ya nyumbani bila kudaiwa akaunti ya mwingine. Inachukua kama dakika kumi. Muuzaji asiyekuruhusu dakika hizo, muage.