Tusiwalishe tumbili wa barabara ya Diani

Jumapili iliyopita, katika barabara ya Diani, pwani ya kusini ya Kenya, gari la abiria lililotutangulia lilisimama ghafla katikati ya njia, bila ishara wala kusogea pembeni, kwa sababu kundi la tumbili lilikuwa limekaa kwenye ukingo wa lami. Madirisha yalifunguliwa, simu zikatolewa, kisha mkate na chipsi vikaanza kurushwa. Dume mmoja aliyajaza mashavu mpaka yakavimba pande zote mbili, akaendelea kuokota kwa mikono miwili huku bodaboda zikimpita karibu kiasi cha kuukanyaga mkia wake. Abiria walicheka kwa furaha. Siwalaumu kwa kufurahi, kwa maana wanyama wale wanapendeza. Kilichoniudhi ni somo walilompa yule dume na watoto wa kundi lake waliokuwa wakimtazama.

Ukivuka Likoni na kushika njia ya kusini, unaingia katika mojawapo ya safari nzuri kuliko zote za Pwani. Ukipandia Kombani kuelekea Kwale, unafika Shimba Hills, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968, ambayo ndiyo mahali pekee nchini Kenya ambapo palahala, mnyama mkubwa wa jamii ya swala, anaishi porini. Ndovu wamo pia, na siku ya anga safi unaiona bahari kutoka huko juu. Ukiendelea hadi Ukunda na kushuka Diani, unakutana na tumbili, kima, nyani na mbega, na usiku komba hulia juu ya miti. Haya yote yanapatikana kwa nauli ya matatu, na ndiyo sababu yanatuhusu sisi wenyewe kabla ya kumhusu mgeni yeyote.

Tumbili ana akili ya kukumbuka mahali alipopata chakula. Akirushiwa mkate leo kwenye kona fulani, kesho atarudi kwenye kona hiyo hiyo, na kesho kutwa atawaleta wenzake, akiwamo mama mwenye mtoto aliyemng'ang'ania tumboni ambaye hawezi kukimbia upesi. Wote watakaa pale wakisubiri gari lipunguze mwendo. Gari la kwanza litapunguza, la pili pia, na la tatu litakuwa na dereva mwenye haraka zake ambaye hana habari ya karamu inayoendelea ukingoni. Anayenusurika magari hupatwa na jambo jingine: huzoea watu, huacha kuwaogopa, huanza kunyang'anya mikoba, hung'ata mtoto aliyeshika ndizi, na mwisho wake huitwa msumbufu anayestahili mtego, sumu au jiwe. Sisi tuliomzoesha tutakuwa tumekwisha kurudi makwetu na picha zetu. Ndiyo maana sikubali kabisa hoja ya kwamba kumpa mnyama kipande cha mkate ni huruma. Huruma hutazama mbele kidogo kuliko hapo.

Mbega ana shida ya namna nyingine, na huyu ndiye ninayemwonea uchungu zaidi. Yeye ni mlaji wa majani, yakiwamo ya mibuyu, na tumbo lake lenye vyumba limeumbwa kuyachachusha majani hayo polepole. Matunda matamu yaliyoiva na vyakula vyetu vya unga vinaweza kumdhuru vibaya. Hana haja ya kushuka chini, ila barabara imeukata msitu vipande viwili na baadhi ya chakula chake kiko upande wa pili. Kwa ajili yake, wahifadhi wa Diani, ambao shirika lao lilianzishwa mwaka 1997 kwa sababu mbega walikuwa wakigongwa mno, wametundika madaraja ya kamba juu ya lami. Nimemwona mama akivuka juu ya daraja mojawapo, mtoto wake mweupe kama pamba amemng'ang'ania kifuani, na vidole vyake vinne virefu, visivyo na gumba la maana, vikiinasa ngazi kama kulabu. Hapo chini magari yalipita bila hata mtu mmoja kuinua macho.

Najua wako watakaosema kwamba ni rahisi kumtetea nyani ukiwa huna shamba. Sina budi kukubali. Mkulima wa Kwale aliyeamka akakuta ndovu wamelala na mahindi yake hawezi kuombwa afurahie urithi wa taifa huku watoto wana njaa, na fidia anapaswa kulipwa kwa wakati. Lakini malalamiko yake ni juu ya wanyama wanaoingia mashambani, na kuwazoesha wanyama chakula cha binadamu kunamwongezea mzigo yeye kwanza.

Kuhusu mwendo wa magari sitasema mengi: huko Jozani, Unguja, matuta yaliwekwa barabarani kwa ajili ya kima punju, mbega wekundu wa huko, na vifo vyao vikapungua, kwa hiyo dawa inajulikana. Nyaya za umeme zisizofunikwa nazo huwaua mbega wa Diani, na zinaweza kufunikwa.

Linalobaki ni miti. Kila kiwanja kipya kinachozungushiwa ukuta Diani huanza kwa msumeno, na mti mkubwa wa ukingoni ukiangushwa, matawi yaliyokuwa yakikutana juu ya barabara hayakutani tena. Wazee wa Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, wameuhifadhi msitu wao kwa miiko, na mbega wamo humo hadi leo. Kaya hiyo ni miongoni mwa zile zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Simwombi mwenye kiwanja afuate miiko ya kaya. Namwomba aiache mibuyu na mibambakofi iliyo kando ya barabara, na kaunti isitoe kibali cha ujenzi kabla ya kuhakikisha kwamba miti hiyo imo katika ramani ya nyumba.