Matema baada ya lami

Zamani mtu wa Mbeya mjini akikuaga kwamba anakwenda Matema, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, ulijua hataonekana siku mbili tatu. Alipita Uyole, akapanda Tukuyu kwenye ukungu na mashamba ya chai, akateremka hadi joto la Kyela likamvua koti, kisha akaanza kugombana na vumbi au tope kutoka Ipinda hadi ziwani. Akifika amechoka hivyo, alilala tu.

Sasa barabara ya Kikusya hadi Matema kupitia Ipinda, kama kilomita 39, ina lami. Unaondoka Mwanjelwa, Mbeya mjini, alfajiri, unaogelea, unakula samaki, na jioni uko nyumbani kwako. Kila Sikukuu Noah na Kosta hujaa kuelekea huko, na maneno yamekuwa mengi. Wapo wanaotaka zijengwe hoteli kubwa, ufukwe upimwe na uzungushiwe ukuta, Matema iwe kama fukwe za bahari zenye mahoteli. Wengine wanataka kijiji kiachwe kama kilivyo. Nimesikiliza pande zote mbili na naona kila moja ina jambo imeliruka.

Wanaotaka hoteli wana hoja ambayo si ya kubeza. Kyela inaishi kwa mpunga, kakao na samaki, na vyote vina misimu yake. Mgeni anaweza kuja mwezi ambao shambani hakuna kitu. Tena Matema imejaliwa: Milima ya Livingstone inashuka karibu kabisa na maji, mchanga ni mpana, na Ziwa Nyasa lenyewe lina urefu unaozidi kilomita 550 na kina kinachofika mita 700. Likichafuka alasiri, mawimbi yake humfanya mgeni aonje maji kuhakikisha kama yana chumvi.

Ila hesabu ya lami ina upande wake wa pili. Anayekuja na kurudi siku hiyohiyo hubeba chakula kutoka mjini, soda kwenye ndoo ya barafu, mkaa na spika. Kijijini anaacha nauli ya bodaboda na chupa tupu. Anayelala ndiye analipa chumba, anakula wali wa Kyela usiku, asubuhi anakodi mtumbwi kwenda kijiji cha Ikombe kuwaona akina mama wa kabila la Wakisi wakifinyanga vyungu kwa mkono, na akirudi ana chungu mapajani. Kwa hiyo barabara ileile iliyoleta watu wengi inaweza kupunguza usiku wanaolala, na fedha ya kijiji iko kwenye huo usiku. Hapo nakubaliana na wanaotaka vyumba viongezeke. Ninachokataa ni ukuta.

Mchanga wa Matema ni mahali pa kazi. Mitumbwi hupandishwa hapo, nyavu hukaushwa hapo, dagaa huanikwa hapo, na mama mwenye beseni la nguo hupita hapo. Ukiweka ukuta wa hoteli hadi majini, mvuvi atalazimika kuzunguka mbali, au aombe ruhusa ya kupita alipozaliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wawekezaji huiona kama kikwazo. Mimi naiona kama njia ya wote ambayo tayari imeshachorwa. Kazi ni kuilinda. Wanaosema pasipo ukuta wageni wataibiwa wana wasiwasi wa kweli, lakini taa na walinzi walioajiriwa kijijini hapohapo vinatosha, na mshahara wao unabaki Matema.

Upande wa pili nao usijifanye msafi. Kukiacha kijiji kama kilivyo hakulilindi ziwa. Mbasa, samaki ambaye watu wa Kyela wanamsifu kuliko wote, hupanda mitoni kutaga mayai, na huvuliwa kwenye midomo ya mito wakati huohuo. Nyavu zenye matundu madogo zinakomba vifaranga. Hayo hayakuletwa na mtalii. Mgeni anayelipa ili aone samaki wa rangi miambani anaweza hata kumpa mvuvi sababu nyingine ya kuwaacha wakue.

Na kuna jambo ambalo pande zote hulipita haraka mno: choo. Ziwa Nyasa lina kichocho. Mayai ya vijidudu vyake hufika majini kupitia mkojo na kinyesi cha mtu anayeumwa, yanaanguliwa, vijidudu vinakua ndani ya konokono, kisha vinamrudia anayeoga au kuogelea, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Ugonjwa una tiba, lakini mtoto wa kijijini anaingia majini kila siku ilhali mgeni anaingia mara moja kwa mwaka. Mamia ya watu wakishinda ufukweni bila vyoo vya kutosha, atakayeumia zaidi ni mwenyeji. Ningekuwa na sauti kwenye halmashauri, vyoo na mahali pa kutupa taka vingejengwa kabla ya kibali cha hoteli yoyote mpya, na ningetoza kiingilio kidogo kwa kila gari la kutwa ili kuvihudumia. Najua wenzangu wa mjini watalalamika. Tulipe.

Kuhusu meli nitasema kidogo. Tangu 2021 bandari za Kyela zina MV Mbeya II, ya abiria 200, na wenye biashara ya utalii wangependa ratiba ifuate wageni. Kwa watu wa Lupingu, Manda na Liuli, kusini zaidi kando ya ziwa, meli ni basi lao la kwenda hospitali na sokoni. Mtalii apande, afurahie safari, lakini ratiba ibaki yao.

Ukienda, nenda Ijumaa ulale. Jumamosi ni siku ya soko la Lyulilo, mwendo wa miguu kutoka Matema. Mitumbwi inafika kutoka Ikombe imesheheni vyungu, vinashushwa kimoja kimoja na kupangwa juu ya mchanga, karibu kabisa na maji. Angalia ni nafasi kiasi gani shughuli hiyo inahitaji, halafu chora ramani ya hoteli.